Wembe wa kukunja wa stenlesi: uchukue wa zamani au mpya?

Kama umeamua kunyoa ndevu kwa wembe wa kukunja na hutaki habari za kutu, stenlesi ndo jibu, ila neno stenlesi kugongwa kwenye chuma halimaanishi umepata wembe mzuri. Kromi, yale madini yanayozuia kutu, ikifika kama asilimia 10.5 tu chuma kinaitwa stenlesi, na humo humo kuna cha wembe na kuna cha sufuria. Harry Brearley, mtaalamu wa chuma, alipokiyeyusha kule Sheffield, Uingereza, 1913, visu vya mwanzo vilichekwa kwamba havikati, na hiyo sifa mbaya mpaka leo kuna watu wanaishikilia kwenye nyembe. Imepitwa na wakati kabisa.

Namba moja kwangu ni ya zamani na sibishani na mtu: Friodur za Zwilling J.A. Henckels, zile zenye alama ya mapacha, kutoka Solingen, Ujerumani. Hii Friodur ni njia waliyokuja nayo 1939, chuma kikishachomwa na kuzimishwa wanakipoza tena mpaka chini kabisa ya sifuri, kwa sababu stenlesi ina tabia ya kubakiza sehemu ambayo haijakaza vizuri na baridi ile ndo inaimalizia. Matokeo yake makali ni laini usoni na yanakaa muda mrefu kabla hujafikiria jiwe. Ukikutana nayo ikiwa nzima, chukua.

Ikiwa nzima, hapo ndo penye kazi. Wembe wa mtumba angalia mgongo kwanza kabla hata ya makali, maana wembe wa kukunja unanolewa ukiwa umelala, mgongo na makali vyote vinagusa jiwe, kwa hiyo ni mgongo ndo unapanga pembe ya makali, na ukiona umeliwa ukawa bapa pana au upande mmoja umeliwa kuliko mwingine ujue aliyeutangulia alikuwa anaukandamiza tu. Makali yaliyobonyea katikati, achana nayo. Ufa hata mdogo kama unywele, achana nayo pia, haunoleki ukaisha. Na muuzaji akikwambia stenlesi haishiki kutu kamwe, aisee, inashika, ni vile inachelewa. Vishimo vyeusi vikiwa juu karibu na mgongo havina neno, vikiwa pale kwenye makali kila ukinoa yatakuwa yanamegeka. Kingine ambacho wengi hawakijui ni mpini wa seluloidi, yaani plastiki ya zamani, ukizeeka unaweza kuoza na kutoa hewa yenye asidi inayokula chuma kikiwa kimekunjwa ndani, hata hicho cha stenlesi. Ukiona mpini umefifia kama kioo chenye ukungu na wembe una kutu sehemu ile tu unayojificha, mpini huo ni wa kutupa na uangalie kama chuma kimepona.

Ya pili ni mpya, za mafundi wanaotengeneza moja moja kwa chuma cha AEB-L. Hiki kilitengenezwa hasa kwa ajili ya nyembe, kaboni kama asilimia 0.67 na kromi 13, na chembe zake ngumu ni ndogo mno, ndo maana kinakubali makali membamba na hakisumbui kwenye jiwe. Bei iko juu na mara nyingi unasubiri foleni. Wengine wanatumia 440C, kaboni inakaribia asilimia 1 na kromi kama 17, nacho kinanyoa vizuri tu ila chembe zake ni kubwa na kukinoa kunachosha, mi singempa mtu anayeanza.

Tatu ni Dovo Inox (inox ni stenlesi hiyo hiyo), ya Solingen. Kwa anayetaka kitu kipya bila kuhangaika na mgongo ulioliwa, hii inatosha, chukua upana wa inchi 5/8 (kama milimita 16) maana unapita chini ya pua bila shida. Ubaya wake ni kwamba makali ya kiwandani hayatabiriki, panga kuunoa kabla ya kunyoa mara ya kwanza. Puma Inox za zamani naziweka hapo hapo, tena ikiwa safi inaweza kumpita Dovo.

Mwisho kabisa, au tuseme nje ya orodha, ni zile zinazong'aa kama kioo, bei ya kutupa, hazina jina la chuma wala la aliyetengeneza. Nyingi ni laini, unanoa asubuhi jioni butu. Bora usubiri.

Halafu mawe. Stenlesi inachukua muda kidogo kuliko chuma cha kaboni, na mawe mengi ya asili yanateleza tu juu yake, tumia ya kutengenezwa (namba ikipanda jiwe ni laini zaidi): 1000 kama makali yameharibika, kisha 4000, 8000, umalizie 12000 na mkanda wa ngozi. Hesabu hiyo gharama mapema, na ukipata wembe ambao tayari umenolewa na mtu anayejua, ongeza hela kidogo uuchukue, mawe utanunua baadaye.