Uzoefu wangu: wikendi ya wanakambi wa zamani, kambi ya Kiyahudi ya watoto wenye ulemavu

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya vitanda, na habari yake itafika.

Ninawaandikia hasa walezi wenzangu mnaofanya kazi kwenye nyumba za watu wenye ulemavu huku Marekani, ambao siku moja meneja atawaambia: "Wikendi hii unaondoka na fulani, anakwenda kambini kwao." Kambi yenyewe ni ya Kiyahudi, iko kaskazini-mashariki ya nchi, na jina lake naliacha. Majira ya joto hupokea watoto. Mwishoni mwa Agosti, watoto wakisharudi makwao, vyumba hufunguliwa kwa wale waliokuwa watoto hapo zamani, kuanzia Alhamisi jioni hadi Jumapili mchana. Mwaka uliobaki jumuiya huishi kwenye Zoom mara moja kwa wiki na kwenye kundi la WhatsApp. Yote matatu nimeyatumia kama mlezi anayesindikiza. Mimi si Myahudi, kwa hiyo yapimeni maneno yangu hivyo.

Kambi za namna hii zina umri. Mwaka 1970 walimu wawili wa elimu maalumu, Herb na Barbara Greenberg, walianzisha mpango wa vijana wenye ulemavu uitwao Tikvah, yaani Tumaini kwa Kiebrania, katika kambi ya Kiyahudi ya Ramah iliyokuwa Glen Spey, New York. Waliofika wakiwa vijana miaka hiyo sasa wana mvi. Na anayetaka kujua urafiki wa kambini unafika wapi aitazame Camp Jened ya milima ya Catskills, kambi ya watu wenye ulemavu ambayo haikuwa ya kidini. Judith Heumann, binti wa wakimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, aliizoea tangu utotoni. Mwaka 1977 alipokuwa mstari wa mbele wa watu wenye ulemavu waliokalia jengo la serikali San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu, wakidai zitiwe saini kanuni za Kifungu cha 504, kile cha sheria kinachokataza kuwabagua wenye ulemavu katika miradi ya fedha za serikali kuu, baadhi ya wenzake mle ndani walikuwa watu wa Jened. Kwa hiyo mtu wako akisema "watu wangu wa kambini", usidhani anakumbuka michezo tu.

Kinachoipa wikendi hii nyota zake ni kazi. Fomu ya kujiandikisha haiulizi tu anakula nini na anatumia dawa gani, inauliza pia atafanya kazi gani: kupanga vijiko, kugawa vitabu vya nyimbo, kuita majina ya wanaosoma baraka, kupokea wageni getini. Asiyeweza kushika kitu hupewa kitufe kikubwa chenye sauti iliyorekodiwa, na yeye ndiye anayetangaza kwamba chakula kiko tayari. Jazeni sehemu hiyo pamoja naye, msiiruke. Nimeona fomu zikirudi na kazi zimeachwa wazi. Mwenye fomu hiyo akifika, kazi zimekwisha, na anakaa siku tatu kama mgeni wa harusi asiyemjua bwana wala bibi.

Sasa Sabato. Wa pwani hamtapata shida: siku ya Kiyahudi huingia na magharibi, kama sisi tunavyosema usiku wa Ijumaa tukiwa bado Alhamisi. Wasabato nao wanajua. Mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama, na mwishoni mwa Agosti huko hiyo ni kama saa 1 na robo jioni ya Ijumaa. Kuanzia hapo hadi nyota zitokeze Jumamosi, washika dini hawawashi taa, hawaandiki, hawagusi simu. Jambo la dharura la uhai huvunja yote hayo bila mjadala, na watakuwa wa kwanza kukimbilia simu.

Lakini kwa mambo madogo, Myahudi kwa kawaida haruhusiwi kumtuma asiye Myahudi amfanyie kazi ya Sabato. Hapo ndipo mafumbo yanapoanza. Mzee mmoja atasimama mlangoni aseme, "Chumba hiki kina giza kweli." Hasemi zaidi. Mlezi mgeni hujibu, "Ndiyo, kina giza," na kuendelea na simu yake. Mswahili aliyelelewa vizuri ataelewa kabla sentensi haijaisha. Kanuni yao ni kwamba ukiiwasha taa kwa haja yako mwenyewe, nao wakanufaika, hakuna neno. Sema basi unatafuta miwani yako, uwashe. Mgonjwa na mwenye haja ya mwili hali yake ni nyingine, kwake huombwa waziwazi. Kosa la kawaida zaidi ni kuzima taa ya choo kwa mazoea: usiku mzima hakuna wa kuiwasha isipokuwa wewe, na wewe umelala. Bandika utepe juu ya swichi Ijumaa mchana.

Kuhusu dawa, wengi wetu husaga vidonge na kuvichanganya na mtindi. Chakula cha Ijumaa usiku ni cha nyama, na baada ya nyama maziwa hayaletwi mezani kwa saa kadhaa. Wengine husubiri muda wa saa 6 nzima. Ukiomba mtindi saa 2 usiku utazua kikao. Nenda na vikopo vya tufaha lililopondwa, visivyo na nyama wala maziwa, vyenye alama ya kosha, yaani chakula halali kwa Wayahudi, kwa mfano U ndani ya duara. Kabla ya safari muulize mfamasia kidonge kipi kinakubali kusagwa na kuchanganywa hivyo. Maziwa ya anayelishwa kwa mpira wa tumboni yawekwe kwenye friji ya zahanati ya kambi, si ya jikoni. Mnaofanya kazi Massachusetts chini ya MAP, mpango unaoruhusu walezi wasio wauguzi kutoa dawa, msisahau fomu ya dawa za safari na nakala ya maagizo ya daktari, kila dawa na lebo yake. Saini ya karatasi ya dawa Jumamosi itaandikwa na wewe, na hilo halina tatizo.

Juisi ya zabibu nitaieleza kwa kirefu, maana hapo watu hupaliwa. Kabla ya kula husomwa baraka juu ya kikombe cha divai au juisi ya zabibu, na kila mtu hutaka kuonja. Anayekunywa vinywaji vilivyoongezwa uzito kwa shida ya kumeza hawezi kupewa juisi hivyohivyo. Walezi huchota unga wa kuongeza uzito kwa kipimo kilekile cha maji, na juisi haifuati kipimo cha maji. Unga wa wanga huendelea kukaza kadiri kikombe kinavyokaa, nao wimbo wa baraka si mfupi. Kikombe kilichokuwa sawa mwanzoni, mwishoni ni uji. Unga wa xanthan hutulia zaidi, ila kwenye juisi hukawia kushika, na mwenye haraka huongeza kijiko cha pili akidhani cha kwanza hakijafanya kazi. Andaa nusu saa kabla, kisha pima kwa bomba la sindano la ml 10, lile lenye mistari ya urefu wa mm 61.5 kutoka sifuri hadi kumi. Ziba mdomo wake kwa kidole, jaza hadi 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena. Zikibaki ml 4 hadi 8, hicho ni kiwango cha 2 cha IDDSI, vipimo vya kimataifa vya uzito wa vyakula na vinywaji. Zikizidi 8 na bado inadondoka, umeingia cha 3. Pima tena dakika moja kabla ya kuingia ukumbini. Mkate wa chala, ule wa Sabato, ni laini mkononi lakini mdomoni hugeuka donge: kwa mtu wa vyakula vilivyosagwa, mwache aushike wakati wa baraka, uishie hapo.

Haya, vitanda. Kambi ilijengwa kwa mwili wa mtoto. Mtoto wa kilo 30 hubebwa na vijana wawili wakicheka, mtu mzima wa kilo 85 anahitaji winchi ya kumwinulia. Vitanda vya vyumbani ni masanduku ya mbao yaliyofungwa mpaka sakafuni, na miguu ya winchi huhitaji uwazi wa kama sentimita 13 chini ya kitanda ili iingie. Isipoingia, mtu huning'inia nusu mita kutoka kwenye godoro, na hapo ndipo migongo ya walezi inapokatika. Matofali ya kuinulia kitanda hayasaidii kwa sanduku. Swali lenu kwa kambi lisiwe "mna kitanda kinachofaa?", maana jibu lake ni ndiyo daima. Ombeni picha yenye futikamba imesimamishwa chini ya kitanda. Kama hakuna uwazi, waambieni wakodi kitanda cha hospitali, na muanze mapema, si wiki ya mwisho. Kitambaa cha winchi nendeni nacho cha kwenu, cha saizi yake. Kilichopo kambini kitakuwa cha watoto.

Kiti cha magurudumu cha umeme kina mambo mawili. La kwanza ni la dini: maoni yanatofautiana kuhusu kukiendesha siku ya Sabato. Kambi hii inakubali, lakini wanaotoka nyumba za Kiorthodoksi wengine huhamia kiti cha kusukumwa, ndani ya eneo lililozungushiwa waya wa eruv, mpaka ambao ndani yake inaruhusiwa kubeba na kusukuma vitu siku ya Sabato. Kiti hicho cha akiba mara nyingi hakina mto wake wa kuzuia vidonda. Hamisha mto, au mrudishe kitandani kila baada ya saa mbili.

La pili ni chaji. Betri huhitaji saa 8 hadi 12, na soketi za vyumba vya mbao mara nyingi zimeungwa na ile ya bafuni yenye kitufe cha kujikata unyevu ukiingia. Mtu akioga usiku, soketi inakata, chaja inazimika kimya, na asubuhi kiti kina nusu. Jaribu hivi ukifika: bonyeza kitufe cha majaribio bafuni, kisha tazama kama taa ya chaja imezimika. Ikizimika, tafuta soketi nyingine. Hakikisha pia soketi yako haiko kwenye saa ya Sabato inayozima taa zote saa 5 usiku.

Njia za lami ni nzuri. Ya kwenda ziwani ni ya changarawe na vigurudumu vya mbele huzama. Pita nyuma ya ukumbi.

Zoom ya kila wiki ningeipa tatu na nusu. Walianza na Havdala, ibada ya kuaga Sabato kwa mshumaa wa kusuka, manukato na divai. Desemba ni rahisi, giza linaingia mapema. Mwishoni mwa Juni jua linazama kama saa 2 na nusu usiku, nyota zinatokeza baada ya saa 3, na wakazi wengi wa nyumba zetu wameshapewa dawa za usiku. Sasa wanakutana Alhamisi alasiri, na mahudhurio yana afadhali. Kuimba pamoja haiwezekani, sauti hupishana: mmoja aimbe, wengine maikrofoni zimezimwa. Anayeongea kwa kifaa kinachoendeshwa kwa macho asaidiwe kwenye mipangilio, kwa sababu kichuja kelele cha Zoom huweza kuidhania sauti ya kifaa kuwa kelele na kuikata. Kishusheni kiwe kiwango cha chini, au washeni sauti asilia. Na mwongozaji asubiri. Sentensi moja kwa macho huweza kuchukua dakika nzima, na mtu akishindwa mara tatu kuimaliza hafungui tena kamera.

Kasoro inayoniuma zaidi iko kwenye daftari la majina. Waliokuwa wahudumu wa kambi wote wamo, kila mmoja na barua pepe yake. Waliokuwa watoto waliandikwa kwa anwani ya mama. Mama akifariki, barua hurudi, na mtu hupotea hivihivi ilhali yuko hai, yuko mji uleule, kwenye nyumba ambayo walezi hubadilika kila miezi michache. Mkifika, dai fomu ya mawasiliano na jaza watatu: ndugu wa damu, mlezi wa kisheria, na namba ya nyumba yenyewe, si ya simu yako. Hilo la mwisho tunalikosea sisi. Ruhusa ya picha nayo, kwa aliye na mlezi wa kisheria, anaitoa mlezi huyo, si wewe, hata kama mtu wako mwenyewe anatabasamu.

Waliofariki husomwa majina yao Jumamosi, kisha huombewa Kadishi, sala ya wafiwa, ambayo huhitaji watu wazima kumi wa Kiyahudi. Tofauti na arobaini yetu, wao huikumbuka tarehe kila mwaka kwa kalenda ya Kiebrania, na orodha ni ndefu kuliko ya kambi ya kawaida, maana magonjwa mengine ya misuli huwaondoa watu mapema. Mwambie mtu wako kabla ya safari ni nani hayupo tena. Asilisikie jina hilo kwa mara ya kwanza ukumbini.

Malipo yenu: mkubaliane kwa maandishi kuhusu saa za usingizi. Sheria ya kazi ya Marekani inamruhusu mwajiri, kwa makubaliano, kutolipia hadi saa 8 za usingizi katika zamu ya saa 24 au zaidi, lakini usipopata angalau saa 5 za kulala, zote zinalipwa. Andika kila mara unapoamshwa, na saa yake.

Jumapili gari la kubebea viti huja saa 5. Mikanda minne chini, mmoja kifuani. Kabla ya kufunga mlango wa chumba, inama nyuma ya kitanda: chaja ndiyo inayoachwa kila mwaka.