Sing-Song ya Christina Rossetti, kitafuteni chenye picha

Hiki kitabu cha mashairi ya watoto, cha mshairi wa Uingereza Christina Rossetti, nimekinunua mara mbili. Mara ya kwanza niliagiza mtandaoni toleo la bei chee, kikaja maneno matupu, picha hata moja hakuna, mwanangu akakisukuma pembeni hatujafika mbali. Kumbe kilipotoka 1872 kilikua na picha 120 za mchoraji Arthur Hughes, na Rossetti mwenyewe alishachora vijipicha vya penseli kwenye muswada wake kuonyesha anataka nini, kwahiyo ukitoa picha umetoa nusu ya kitabu jamani.

Hili toleo la pili lina picha zote. Sasa kila usiku ni "soma ya upepo", ile inayouliza nani ameuona upepo, wala mimi wala wewe, ila miti ikiinamisha vichwa ujue upepo unapita. Kuna na ya hela za Uingereza za zamani, pauni moja shilingi 20, shilingi moja peni 12, mtoto kaishika yote kwa vina tu.

Ila mzazi ujue humu kuna vifo. Kuna shairi linauliza mtoto mchanga amekufa kwanini, baba anashusha pumzi, mama analia, maua hayajibu kitu yanainama tu nayo yanakufa. Nilitaka kuliruka, mwanangu akagoma, tukaongea mpaka usingizi ukamchukua. Mi naona Rossetti alifanya vizuri kutowaficha.

Mwanzoni kuna kurasa chache za maisha yake na hizo ndo zimenishika kabisa. Kazaliwa London 1830, baba yake mkimbizi wa siasa kutoka Italia. Mwaka 1866 Charles Cayley akataka kumuoa, akakataa sababu ya imani japo walipendana, wakabaki marafiki mpaka Charles akafariki 1883. Hakuolewa, hakuzaa, na wakati anakiandaa kitabu alikua anaumwa sana tezi ya shingo. Halafu ukifungua unakuta amekitunuku, anasema bila ruhusa, kwa mtoto mchanga aliyempa wazo la haya mashairi, na huyo mtoto ni wa Arthur Cayley, profesa wa hesabu Cambridge, kaka yake Charles huyohuyo!! Yaani hapo nilifunga kitabu kwanza nikakaa kimya.

Karatasi ni nyepesi, picha ya nyuma inaonekana upande wa pili, hapo nimekata nyota moja. Nne kati ya tano. Kabla ya kulipa muulize muuzaji kama picha za Hughes zimo.