Tuzo Ilikwenda kwa Paka, na Ilikwenda Pazuri

Kila nikikaa na watu wa filamu, ubishi ni ule ule, katuni ipi ilistahili Oscar ya 2025: Flow au The Wild Robot? Paka wa Latvia, nchi ndogo ya Ulaya, au roboti aliyepewa sauti na Lupita Nyong'o? Mimi niko upande wa paka, na sina wasiwasi hata kidogo. Nitasema kwa nini, na nitazipima filamu zote mbili kama mtu aliyezionyesha mbele ya wateja wanaolipa, maana wengi wanaobisha wameona moja tu na ile nyingine wameisikia kwa jirani.

Kwa asiyenijua: mimi ni VJ. Natafsiri filamu kwa Kiswahili, papo kwa papo, kwenye kibanda cha video hapa Bwera, wilayani Kasese, karibu na mpaka wa Mpondwe. Kampala wenzetu wanatafsiri kwa Luganda, na magwiji kama VJ Jingo wanajulikana nchi nzima. Huku kwetu Luganda haikufikishi mbali. Benchi moja utakuta limekaliwa na Mkonzo wa hapa hapa, mama wa vitenge kutoka Butembo na dereva wa lori aliyetoka Mombasa, na kinachowakalisha pamoja ni Kiswahili. Basi nashusha sauti ya filamu, nashika maiki, na kila mhusika anazungumza kupitia koo langu, bibi kwa mjukuu, jambazi kwa polisi. Mtu wa kazi hii anajua uzito wa sauti. Ndiyo maana wengi wanashangaa nikiwaambia kwamba filamu iliyostahili ni ile isiyo na hata neno moja ndani yake.

Niweke kumbukumbu sawa kwanza. Oscar ya filamu ndefu bora ya katuni ilitolewa usiku wa 2 Machi 2025 kule Los Angeles, kwetu ikiwa alfajiri ya tarehe 3. Zilishindana filamu tano: Flow, The Wild Robot, Inside Out 2, Memoir of a Snail, na Wallace & Gromit: Vengeance Most Fowl. Msimu ule tuzo zilitawanyika. Golden Globe ilikwenda kwa Flow. Tuzo za Annie, ambazo ni za watu wa katuni wenyewe, ziliipa The Wild Robot ushindi mara 9, ikiwemo wa filamu bora. BAFTA ya Uingereza ikabebwa na Wallace na mbwa wake. Kwa hiyo anayekuambia dunia nzima ilikuwa na Roz, yule roboti wa The Wild Robot, na Oscar peke yake ndiyo iliyopotea njia, hajafuatilia.

Naelewa lakini kwa nini watu wetu waliumia. Lupita Nyong'o si mgeni Uganda. Mwaka 2016 alicheza katika Queen of Katwe kama Nakku Harriet, mama yake Phiona Mutesi, yule binti wa Katwe aliyeinuliwa na mchezo wa chesi. Watu wengi hapa walimwona kwa mara ya kwanza akiwa amebeba mahindi kichwani, anahangaikia watoto, na tangu siku hiyo wanamhesabu wa nyumbani. Kisha anarudi kwa sauti tu, akiwa ndani ya roboti, tena mama kwa mara nyingine. Nani hatamshangilia?

Na filamu yenyewe ni nzuri kwelikweli. Roz ni roboti wa kazi za nyumbani anayetupwa na dhoruba kwenye kisiwa kisicho na watu. Kwa ajali anaangukia kiota cha bata bukini. Familia nzima inakufa, linabaki yai moja. Kifaranga anayetoka anamshika Roz kuwa mama yake, na Roz anapewa kazi moja isiyo na mjadala: huyu mtoto ale, aogelee, na aruke kabla baridi haijafika.

Kuna kipande cha mwanzo ambacho kwangu kinapita machozi yote yanayofuata. Roz hawaelewi wanyama. Anakaa chini na kutulia, jua linatoka na kuzama, mimea inamkulia pembeni, naye anasikiliza tu, mpaka milio inaanza kugeuka maneno. Kiingereza cha filamu nilikipata hivyo hivyo, nikiwa kijana nimekaa nyuma kabisa kwenye kibanda cha mtu, nikisikiliza mpaka sikio lilipofunguka. Sijawahi kuona kazi ya mkalimani ikiheshimiwa namna ile kwenye katuni.

Na Lupita anaijenga sauti hatua kwa hatua. Mwanzoni ni sauti ya tangazo la biashara, changamfu, imenyooka, haina mtu ndani. Kufikia pale Brightbill, yule kifaranga, anapokimbia aruke na kundi lake, ni sauti ya mzazi anayejikaza asilie mbele ya mtoto. Na mkumbuke Roz hana mdomo. Uso wake ni macho mawili ya duara na taa kidogo. Siku ile mama mmoja wa vitenge, Mkongomani, alinigeukia katikati ya tafsiri: “Ee VJ, nyamaza kwanza. Acha mama aage mutoto wake.” Nikanyamaza. Kibanda kizima kikamsikiliza Lupita kwa Kiingereza, na hakuna aliyelalamika kwamba haelewi.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Ninapotafsiri The Wild Robot namfunika Lupita, na nikimfunika filamu inapungua. Inapungua kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu yake iko kwenye koo la mwigizaji na kwenye maneno aliyoandikiwa. Yule mbweha, Fink, anaeleza upweke wake kwa mdomo. Wanyama wanaelezana kwa mdomo kwamba wema ndio utakaowavusha baridi. Mara nyingi picha imeshamaliza kusema, nyika imeshapakwa rangi kama kwa mkono wa mchoraji, macho ya Roz yameshabadilika, halafu anakuja mtu kurudia kwa sentensi. Mimi naishi kwa sentensi, nazipenda, lakini tuzo hii ni ya katuni: mchoro uliotiwa uhai. Ukitaka kujua mchoro una uhai kiasi gani, nyamazisha kila mtu uangalie kinachobaki.

Flow inaanza ikiwa imeshanyamaza. Hakuna msimulizi, hakuna maandishi, na wanyama wanalia kama wanyama. Dakika 85. Maiki niliiweka mezani na kuizima, nikakaa benchi la pembeni kama mteja.

Hadithi yake ni fupi kuisema. Paka mmoja mweusi anaishi peke yake katika nyumba iliyoachwa na watu, maji yanapanda, nchi inamezwa, na paka anajikuta kwenye mashua ya tanga pamoja na kapibara, lemuri mwenye kikapu cha vitu vinavyong'aa, mbwa, na ndege mkubwa mweupe mwenye miguu mirefu. Watoto wa mbele walianza kazi yangu wao wenyewe. Kapibara, mnyama wa Amerika Kusini, wakambatiza ndezi hapo hapo na jina likakaa. Yule ndege akatambuliwa na mwalimu mmoja aliyewahi kufika mbuga ya Kidepo: “Huyu ni karani! Huyu ni wetu.” Na kweli, karani ni ndege wa nyika za Afrika, anaua nyoka kwa mateke. Katika filamu anamtetea paka mbele ya kundi lake, kiongozi wa kundi anamvunja bawa, naye tangu hapo anashika usukani wa mashua. Hakuna aliyesema “nimejitoa kwa ajili yako.” Tuliona tu bawa linaburuta.

Mtazame paka pale maji yanapomkimbiza juu ya lile sanamu kubwa la paka mwenzake. Anapanda, maji yanapanda. Anafika kichwani, hakuna tena pa kwenda. Masikio yamelala nyuma, mgongo umejikunja, mguu mmoja wa mbele unagusa maji na kurudi, unagusa na kurudi. Mwongozaji, Gints Zilbalodis, haleti kilio cha binadamu wala macho makubwa ya kuombea huruma. Ni paka tu, na ukimjua paka unajua anaogopa kiasi gani. Baadaye paka huyo huyo anajifunza kupiga mbizi, anavua samaki, na siku moja anawagawia wenzake. Mabadiliko yote ya mhusika yamo kwenye mwili wake, na mtoto wa miaka mitano aliyeketi mbele yangu aliyafuata bila msaada wa mtu.

Halafu yale mafuriko. Sisi wa Kasese hatuyaangalii kama watu wa mbali. Mei 2020 mito inayoshuka Rwenzori ilivunja kingo, Nyamwamba, Mubuku, na huu Lubiriha wetu wa mpakani. Hospitali ya Kilembe ikavamiwa na maji, na watu wakahama na walichobeba mikononi. Katika Flow maji hayatangulii. Wanatangulia swala wa kule, kundi zima linapita mbio kabla hujajua wanakimbia nini, na ukuta wa maji unatokea nyuma yao. Kibanda kilikuwa na kelele za watoto, zikakatika. Mzee mmoja akasema polepole, “Ndivyo yanavyokuja. Wanyama kwanza.” Nimefanya kazi hii muda mrefu, na sidhani kama kuna sentensi ningeweza kuiweka juu ya picha ile ikamfaa yule mzee kuliko alichokiona mwenyewe.

Hata sauti imefanyiwa kazi ya uaminifu. Milio ni ya wanyama halisi waliorekodiwa. Kapibara ndiye aliyewashinda, mlio wake halisi haukumfaa mnyama mpole kama yule, wakampa wa mtoto wa ngamia.

Kasoro zipo. Manyoya ya wanyama hayana ule ufundi wa nywele kwa nywele. Ukisogea karibu na skrini, mbwa anaonekana kama amepakwa rangi kwa brashi pana. Msitu wa The Wild Robot unaupita msitu wa Flow, hilo halina ubishi. Na kuna pale karani anapopanda kwenye mwanga juu ya nguzo za mawe, akaondoka. Kaondoka kwenda wapi? Mteja mmoja alitaka nimweleze, na mimi nikamwambia filamu haijasema. Yeye aliliona pengo. Mimi naliona kuwa ujasiri, lakini simlaumu.

Sasa, wako wanaosema Oscar ilitolewa kwa huruma: nchi ndogo isiyofikisha watu milioni 2, bajeti ya euro milioni 3.5 hivi dhidi ya dola milioni 78 za DreamWorks, studio ya The Wild Robot, filamu imetengenezwa kwa Blender, programu ambayo mtu yeyote anaipakua bure. Yote hayo ni kweli na hakuna hata moja linalostahili tuzo. Udogo wa mfuko hauonekani kwenye skrini. Kinachoonekana ni yule paka. Ila kwa vijana wetu habari ya Blender ni kubwa. Zilbalodis aliwahi kutengeneza filamu nzima peke yake, Away, ya 2019. Na hapa Uganda hatuanzi sifuri: Raymond Malinga wa Kampala alitoa A Kalabanda Ate My Homework mwaka 2017, na mwaka 2023 filamu yake fupi Herderboy ikaingia kwenye Kizazi Moto, mkusanyiko wa katuni fupi za Kiafrika wa Disney. Kijana mwenye kompyuta ya kueleweka na subira ya miaka, asiniambie milango imefungwa.

Hizo nyingine tatu nitazipitia haraka. Inside Out 2 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani na watoto waliipenda, lakini ni ile Inside Out ya kwanza, imeongezwa wahusika tu. Memoir of a Snail ya Adam Elliot, Mwaustralia, ina wahusika wa udongo na ni ya watu wazima. Inauma, msiwaonyeshe watoto. Ya Wallace na Gromit inaniunga mkono bila kutaka: anayeitawala ni yule pengwini mhalifu, Feathers McGraw, ambaye hasemi chochote, uso haubadiliki, na bado kila akitokea watu wanasogea mbele.

Kwa mwenye kibanda au mzazi anayetaka kujaribu: zionyesheni zote mbili, siku tofauti. The Wild Robot itafsirini, lakini safari ya bata inapofika, pandisheni sauti ya Lupita na mkae kimya. Flow ionyesheni giza likiwa limeingia vizuri, maana picha nyingi zina vivuli na mwanga wa mchana unaziua. Spika ziwe nzima. Msimweke VJ. Na majina yakianza kupita msiwashe taa wala kufungua mlango, kwa sababu yule nyangumi anayekwama nchi kavu maji yanaposhuka anarudi mwishoni kabisa, na watoto watataka kujua kama alipona.