Pampasi za usiku kwa mtoto mkubwa: nimejaribu za aina nne, hii ndo ripoti yangu

Jamani mi sio mtaalam wa chochote, ni mama tu wa kijana wa miaka 8 anayekojoa kitandani siku nne tano kwa wiki, na tangu Januari nimetumia hela na usingizi mwingi kwenye hizi pampasi mpaka nimeona niandike, maana nilipokuwa natafuta mimi kila nilichokuta ni cha vichanga, utadhani mtoto akishaanza darasa la kwanza kibofu nacho kinavaa yunifomu.

Kwanza niseme tulikotoka. Tulikuwa tunatandika makintoshi, ile ile ya kujifungulia, nilinunua mita mbili duka la vifaa vya hospitali. Godoro linapona kweli, ila kwa joto la Dar mtoto analala anatoka jasho kama yuko kwenye daladala, halafu inateleza, asubuhi unaikuta imejikunja miguuni. Na makintoshi haiokoi shuka wala bukta wala mtoto mwenyewe. Saa kumi na moja alfajiri nafua, gari la shule linapiga honi nje, na sisi tunakaa nyumba ya kupanga uwani kuna kamba moja ya wote, kwa hiyo kila siku shuka letu linaning'inia hapo kama bendera. Watoto wa jirani sio wajinga. Siku nimewasikia wanamuimbia kile kiwimbo cha kikojozi ndo nikasema basi, natafuta pampasi.

Ya kwanza nilichemka mwenyewe. Nilienda kuchukua nepi ya kawaida ya mtoto, saizi 6, kwa sababu imeandikwa kilo 15 na kuendelea, nikajiambia wangu ana 26, si ndo "kuendelea" huko. Bwana wee. Gundi za pembeni zilifika kwa kuvutwa, mtoto akageuka mara moja tu upande mmoja ukaachia, na asubuhi nepi iko kavu kabisa imelala pembeni yake, shuka ndo limelowa. Zaidi ya hapo aliniangalia nikimfunga akasema "Mama, mi sio mdogo wangu." Sikurudia.

Ya pili ni zile za kuvaa kama chupi, XXXL, nilizipata Kariakoo, jina silitaji. Muuzaji aliniapia, "Dada'angu hii hata wewe inakukaa." Na kweli zinavutika. Tatizo lilikuwa kwenye kunyonya, na hapa ndo nikajifunza kitu ambacho natamani ningekijua mapema kabla sijabeba pakti tatu kwa mpigo.

Daktari alishaniambia hesabu moja rahisi ya kibofu cha mtoto: umri wake jumlisha moja, zidisha mara 30, unapata mililita. Kwa hiyo wangu ni 9 mara 30, kama 270 hivi, kikombe cha chai kilichojaa. Nikachukua pampasi moja ya Kariakoo nikaitandika kwenye beseni nikamimina maji ya bomba kiasi hicho. Ikanywa yote, nikafurahi. Usiku ikavuja. Nikashangaa, mpaka shoga yangu mmoja anayefanya kazi maabara akanicheka, akasema ile poda ya ndani inayogeuka jeli haipendi chumvi, na mkojo una chumvi, so maji matupu yanakudanganya, inaonekana inanyonya kuliko uhalisia. Fanya hivi: nusu lita ya maji ya uvuguvugu, kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa sana, koroga, pima mililita zako, mimina kwa haraka pale mbele kama anavyokojoa yeye, sio kidogo kidogo. Subiri dakika kama tano, weka tishu juu, kandamiza kwa kiganja. Ile ya Kariakoo tishu ilitoka chapachapa na maji mengine yalikimbilia kwenye mpira wa paja. Nikaikata na mkasi nione ndani, poda kiduchu, pamba tu imejazwa, na iliyopo yote iko nyuma. Mtoto wa kiume anayelala kifudifudi anahitaji mbele, huko nyuma inamsaidia nini? Ukiwa na binti angalia katikati na nyuma. Mi sasa hivi kabla sijanunua pakti nabonyeza kwa vidole nje ya nailoni naangalia unene umekaa wapi, wauza duka wananiona kichaa.

Ya tatu pampasi za wazee, za kuvuta, saizi ndogo kabisa. Wengi wanashauri hivi kwa sababu zinapatikana hata duka la dawa la mtaani na bei kwa kipande inavumilika. Kunyonya, hazina mpinzani, nilimimina vikombe viwili vya maji ya chumvi tishu ikatoka kavu. Lakini ile ndogo ilikuwa ya kiuno cha sentimita 60 kwenda juu na kijana wangu kiuno 57, na mapaja yake ni vijiti, kwa hiyo pembeni kunabaki uwazi wa kupitisha vidole viwili. Tulifanya ujanja wa kumvalisha boksa ya kubana juu yake, ikakaa, wiki ya kwanza tukalala raha mustarehe. Kasoro kubwa ni kelele. Akigeuka unasikia kwachakwacha, na yeye analala na binamu yake chumba kimoja, ikawa anakaa amenyooka kama gogo asisikike, asubuhi anaamka amechoka. Kama wako ana kilo 35 huko na analala peke yake, mi ningesema usihangaike, anza na hizi.

Ya nne ni DryNites, wenyewe wa Huggies, ukienda Marekani ukute zinaitwa GoodNites. Hizi zimetengenezwa kwa ajili ya tatizo hili hili, watoto wakubwa wanaolowesha usiku. Wifi yangu yuko Uingereza akanitumia kwa mtu, na kosa la kwanza tulilifanya sisi wenyewe: mtoto ana miaka 8, akachukua pakti ya 8–15. Ikawa inapwaya. Nikasoma vizuri ile pakti, kumbe kitu cha kuangalia ni kilo sio miaka, 8–15 ni ya kilo 27 mpaka 57, na ya 4–7 ni kilo 17 mpaka 30. Wangu mwembamba, kilo 26, yuko kwenye 4–7. Mzigo wa pili zikaja sahihi, zikamkaa kama chupi kweli, laini kama kitambaa, hazipigi kelele, akivaa bukta juu huwezi kujua. Ila mtoto anajua kusoma jamani! Akaona 4–7 akanuna, "hii ya chekechea". Ikabidi nizitoe zote kwenye pakti nizipange kwenye boksi la viatu, pakti nikaitupa, mambo yakaisha.

Kwenye jaribio la maji ya chumvi zile 270 zilizama bila shida, nilipoongeza nusu nyingine tishu ikaanza kuwa na unyevu, kwa hiyo kwa mkojo mmoja wa usiku inatosha, kwa wanaokojoa mara mbili sijui mseme wenyewe. Wiki sita, shuka limelowa mara mbili tu, na zote mbili alikunywa juisi ya ukwaju saa tatu usiku kwa bibi yake mdogo. Bei ndo inauma. Ukijumlisha na usafiri kipande kinanitoka zaidi ya elfu tatu, sio kitu cha kuvaa kila siku kwa mshahara wangu. Tunachofanya, siku za shule DryNites, wikiendi zile za wazee na boksa.

Kuzitupa nako ni mtihani, tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku 2019 nazungushia gazeti halafu kwenye mfuko wa khaki. Chooni usithubutu, ile jeli inavimba hatari.

Kabla hujanunua lakini nenda hospitali kwanza, mi sipendi watu wanaoruka hapa. Chini ya miaka 5 madaktari hawahangaiki nako sana. Kwenye watoto 100 wa miaka 5 karibu 15 bado wanakojoa kitandani, wakifika 10 wanabaki kama 5, wengi inaisha yenyewe. Ila kama alishakaa kavu miezi sita halafu imerudi, au anakunywa maji kupita kawaida, au analia akikojoa, au choo chake kigumu, hiyo sio ya kununulia pampasi, kapime. Wangu hajawahi kukauka, vipimo vikatoka safi. Daktari akauliza swali moja tu, "kati yenu nani alikuwa hivi?" Mimi nikakataa fasta. Mume wangu akaangalia dirishani.

Miaka kumi ya ndoa sikujua! Alikojoa mpaka darasa la tano, na kwao walimfunga chura kiunoni, chura mzima anarukaruka, eti aogope aache. Usiku huo akaenda kukaa kitandani kwa mwanawe akamsimulia habari ya yule chura, nikawa nasikia wanacheka mpaka wanakohoa. Toka siku hiyo mtoto anavaa pampasi mwenyewe bila kusukumwa, na asubuhi anaitoa, anaifunga, anapeleka kwenye ndoo yake. Pampasi haitibu, nilishaambiwa, inakununulia usingizi tu wakati unasubiri, lakini usingizi nao sio kitu kidogo.

Mwezi wa kumi na mbili anaenda Tanga kwa bibi, wiki tatu, kwa mara ya kwanza bila mimi. Juzi tumepita duka la dawa tukampima, kilo 27 na nusu. Nikamwambia sasa zote mbili zinakufaa, 4–7 na 8–15, nimwagizie shangazi ipi? Hakufikiria hata sekunde.

"Eight to fifteen," akasema. "Na mama, hiyo usiitoe kwenye pakti."