TAHADHARI: Anauza miguu ya kutuliza tela akidai ni jeki za tani 2

Ndugu zangu, nimekaa kimya wiki mbili kwa aibu. Ninaandika leo kwa sababu jana nimemwona yule mtu aliyeniuzia ametupia tena tangazo lilelile, picha zilezile, na watu wameshaanza kumuuliza bei.

Tela yangu ya kulaza watalii mnaijua, sirudii habari zake. Baada ya wageni kulala imeinama kule Mto wa Mbu, niliapa sitalaza mgeni tena kwenye tela iliyoinama. Na iliyokuwa inanitesa zaidi ni friji. Friji ya gesi haitaki mwinamo: ikikaa upande, kile kimiminika cha ndani hakirudi kwenye mabomba inavyopaswa, pale kwenye moto panaungua, na friji ndiyo imekwisha. Kwa hiyo nilikuwa natafuta jeki nne za kona, niachane na kubeba mbao za kuweka chini ya tairi kila safari.

Tangazo lilisema jeki zimetoka Uingereza, zimefunguliwa kwenye karavani, kila moja inabeba tani 2. Nikapiga. Akapokea kwa utulivu kabisa. "Shikamoo mzee." Hakunikimbiza hata kidogo. Akaniuliza tela ina uzito gani, nikamwambia ikipakiwa ni kama kilo 1,400. Akaniuliza upana wa chasi, akaniuliza matundu ya bolti yako wapi, akanituma nikapime nimpigie tena. Nikaenda na futi usiku, na tochi mdomoni, nikapima. Mimi matapeli niliowazoea wanataka hela kwanza. Huyu alitaka vipimo! Nimehangaika na magari ya watalii miaka 11, fundi wa kweli namjua kwa maswali yake, na maswali ya huyu yalikuwa ya fundi. Akamalizia, "Mzee wangu, jeki nne ni tani nane. Tela yako haifiki hata mbili. Utalala usingizi."

Kisha akanitumia video. Tela kubwa kuliko yangu, kijana anazungusha mpini kwenye kona, tairi linaachana na ardhi taratibu. Niliitazama mara tatu. Mke wangu naye akaitazama. Nikatuma nusu, shilingi 310,000. Asubuhi akanitumia picha ya boksi likiwa ofisi ya mabasi pale Dar, na stakabadhi yake. Nikatuma nusu iliyobaki. Boksi lilifika Arusha usiku, nikalibeba kwa mkono mmoja. Jeki nne za tani mbili mbili, kwa mkono mmoja! Pale pale ningepaswa kushtuka. Nikaona rangi nyeusi inang'aa, stika mpya, nikafurahi.

Karatu, jioni, mvua imetoka kunyesha, ule udongo mwekundu unateleza. Wageni walikuwa nje wanakunywa chai, namshukuru Mungu kwa hilo. Nikampigia, akawa ananielekeza hewani: "Anza kona ya nyuma kushoto, zungusha mpaka tairi linyanyuke." Nikazungusha. Tela ikapanda kidogo. Kijana wangu akapitisha mkono chini ya tairi aweke ubao. Nikasikia chuma kinalia, mguu ukajikunja, tela ikashuka yote. Mkono wake ulikuwa umetoka muda huohuo. Muda huohuo! Kila nikifumba macho nauona ule mkono.

Nikamwambia yule mtu kilichotokea. Akanijibu, "Umezungusha vibaya mzee." Akakata. Tangu hapo hapatikani kwangu, ila kwa simu ya mke wangu anapokea.

Fundi wa Karatu aliikwangua stika kwa kisu. Chini yake, kwenye chuma chenyewe, imegongwa kilo 450. Akaniambia hii si jeki hata kidogo. Ni mguu wa kutuliza, kazi yake ni kuzuia tela isitikisike watu wakitembea ndani. Unapandisha tairi la upande ulio chini juu ya ubao kwanza, kisha unazuia matairi kwa mawe, unasawazisha mbele na nyuma kwa jeki ya pale mbele kwenye shingo ya tela, na mwisho kabisa ndiyo unashusha hii miguu iguse chini na kukaza kidogo. Ukitaka kuinua tairi, tafuta jeki ya kuinulia, na mtu asiingie chini mpaka umeweka stendi.

Yule mtu alikuwa anajua. Mtu aliyeniuliza matundu ya bolti hawezi kuniambia hajui tofauti ya mguu na jeki. Alibandika stika kwa mkono wake juu ya maandishi ya chuma. Huo si wizi wa hela tu, ni kutega watu. Afungwe. Arudishe hela ya kila aliyemuuzia, kisha afungwe. Nimeshachukua RB polisi, namba yake ya simu nimeituma 15040 ya kuripoti matapeli, na Tume ya Ushindani (FCC) naenda wiki hii na stika pamoja na mguu uliojikunja.

Anabadilisha majina ila video ni ileile. Itazameni vizuri karibu na mwisho: nyuma ya tairi kuna kivuli cha jeki nyingine, ndiyo inayoinua. Stika kwangueni. Uzito pimeni kwa mkono. Hela ya mwisho msitume kabla ya kufungua boksi.

Waliouziwa naye njooni inbox na stakabadhi zenu, za M-Pesa na za basi. Tuko watatu mpaka sasa. Na kama umeshazifunga kwenye tela yako na una safari wikiendi hii, usiinulie tairi kwa hivyo vitu. Nipigie kwanza.