Apache AH-64E: kamera ya droni kwenye skrini ya rubani

Kwa kazi ya kumwonyesha rubani picha za droni, helikopta ya kivita AH-64E ya Marekani inastahili sifa. Haiishii kupokea video ya droni ya MQ-1C Gray Eagle. Ikifika ngazi ya 4 ya ushirikiano kati ya helikopta na droni, rubani anageuza kamera na kuiongoza droni yenyewe, isipokuwa kuirusha na kuitua. Kuirusha na kuitua ni ngazi ya 5.

Udhaifu uko kwenye mawimbi: kilima kikikatiza, picha inaganda. Kinachopotosha zaidi ni pembe. Droni inatazama kutoka upande wake, hivyo kushoto kwa skrini huenda kukawa kulia kwa helikopta. Linganisha kwanza na ramani. Kutumia video isiyosimbwa, yaani isiyofichwa kwa msimbo? Hapana. Mwaka 2009 ilifichuka kwamba wapiganaji Iraki walinasa video za droni za Marekani aina ya Predator.