Kidude cha Wi-Fi cha Mbps 150 kwenye Linux: kichomeke kabla hujalipa

Vidude hivi vidogo vya USB, visivyo na jina la kampuni, vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya simu Mtwara mjini, na wanaovitafuta zaidi ni wenye laptopu za mtumba ambazo Wi-Fi ya ndani imekufa. Boksi linadai kinakubali Linux. Ukweli wa dai hilo unategemea chipu iliyomo ndani, na chipu haijaandikwa popote kwenye boksi.

Kwa hiyo nenda dukani na laptopu. Muombe muuzaji ukichomeke, kisha fungua terminali uandike `lsusb`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB kwa namba zao. Ikisoma 0bda:8179, hiyo ni RTL8188EUS. Ikisoma 0bda:f179 ni RTL8188FTV, na hii ndiyo inayoliza watu: draiva yake (programu inayoendesha kifaa), rtl8xxxu, ilianza kuitambua kwenye kerneli 6.2; kerneli ndiyo kiini cha Linux. Ubuntu 22.04 iliyobaki na kerneli 5.15 itaionyesha kwenye `lsusb` basi. Orodha ya vifaa vya mtandao, `nmcli device`, haitakuwa na Wi-Fi yoyote. Muuzaji atalaumu laptopu, mnunuzi atalaumu kidude, na vyote viwili ni vizima. Angalia kerneli yako kwa `uname -r`. Kama ni ya zamani, unganisha simu kwa waya, washa kushea intaneti kwa USB, halafu:

`sudo apt install linux-generic-hwe-22.04`

Zima na kuwasha, utakuwa na 6.8. Uwe na bando la maana, maana kerneli na fimweya (programu za ndani ya vifaa) hula mamia ya MB.

Namba 0bda:1a2b ina kituko chake: kidude kinajifanya CD yenye draiva za Windows. Kitoe huko kwa `sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b`, kisha rudia `lsusb`. Namba mpya ndiyo ya kuamulia. Draiva za kujijengea kutoka GitHub zipo, ila Secure Boot, ile kinga ya laptopu inayokagua saini, ikiwa imewashwa zitakataliwa mpaka uzisaini, na bila DKMS, inayojenga draiva upya yenyewe, kila kerneli mpya inakurudisha mwanzo. Kwa kidude cha bei hii, haina haja.

Kikishatambuliwa, kero hubaki mbili. Ya kwanza, majina ya mitandao yanaonekana, nywila ni sahihi, lakini kinaiomba tena na tena. Mara nyingi ni anwani ya MAC (namba ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao) inayobadilishwa wakati wa kusachi mitandao. Ya pili ni kukatika kila baada ya muda mfupi kwa sababu ya kubana umeme. Tengeneza faili `/etc/NetworkManager/conf.d/zz-wifi.conf`:

`[device]`
`wifi.scan-rand-mac-address=no`
`[connection]`
`wifi.powersave=2`

Kisha `sudo systemctl restart NetworkManager`. Hiyo 2 maana yake ni kuzima; 3 ndiyo huwasha, usichanganye.

Masafa yake ni GHz 2.4 peke yake na antena ni ya ndani, hivyo kwenye zile nyumba za kale za mawe ya matumbawe kule Mikindani, ukuta mmoja tu unakimaliza. Waya wa USB wa kurefusha, nusu mita au moja, unasaidia, hasa ukikiweka mbali na tundu la USB 3 lenye fleshi au diski, maana USB 3 huvuruga GHz 2.4.

Muuzaji akiwa na kingine kinachosoma 148f:7601, chukua hicho. Ni MT7601U, na draiva yake imo kwenye kerneli tangu 4.2.